Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: bahasha 214 za majani yaliyooza zinaomba namba

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
(jina la taasisi naliacha, wewe unajijua na waliopo ofisini wanajijua)

Shikamoo.

YAH: SAMPULI ZA FANGASI ZA MAJANI MAKAVU KUTOKA USAMBARA ZILIZOPO STOO TANGU 2021

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa naomba radhi kukuandikia mbele za watu, sikulelewa hivyo. Ila barua ya kwanza niliileta kwa mkono Machi 2022 ikagongwa muhuri, ya pili Septemba mwaka huo huo, ya tatu 2023 nikaambiwa faili halionekani nikaenda kuprinti nakala nyingine kwa hela yangu, na ya nne nilimtumia msaidizi wako wasap, tiki mbili zikageuka bluu na mpaka leo hakuna jibu. Sasa nimeona nikuandikie hapa, labda hapa faili halitapotea.

Mimi sio daktari wala profesa. Nilikuwa fundi wa maabara hapo kwako, kazi yangu ilikuwa kupanda mlimani, kuokota majani yaliyoanguka, kuyatunza mpaka fangasi zilizomo zijitokeze, kuzichora, kuzipima na kuziandika kwenye daftari. Mkataba uliisha 2023 haukurudiwa na sio hilo ninalolalamikia, mikataba huisha.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajui tunaongelea nini, najua mtu akisikia fangasi anafikiria vidole vya miguu. Hata muuza duka Muheza nilipoenda kununua rangi ya kucha ile isiyo na rangi (tunazibia kingo za vioo vya maikroskopu) nikamwambia ni kwa ajili ya fangasi akanielekeza duka la dawa. Fangasi ninazosema mimi ni zile zinazokula majani msituni. Jani likianguka halipotei lenyewe, kuna fangasi zilikuwa zimejificha ndani yake tangu likiwa bichi mtini, hizo ndio zinaanza, halafu zinakuja nyingine za chini, halafu mwishoni zile zenye uwezo wa kuvunja ile sehemu ngumu ya jani, ndio maana ukifukua majani unakuta mengine yana mabaka meupe kama yamemwagiwa jiki. Bila hizo msitu ungekuwa umezama kwenye takataka zake wenyewe. Na nyingi hazina jina. Mwaka 2017 wataalamu walikadiria fangasi zote duniani ni kati ya aina milioni 2.2 na milioni 3.8, zilizopewa majina mpaka sasa ni kama 150,000 na kitu. Piga hesabu mwenyewe.

Naomba nikuonyeshe moja tu, ya bahasha namba 87. Hiyo 87 ni namba yangu ya daftari, sio namba ya taasisi, na hapo ndipo penye tatizo lote la barua hii.

Lilikuwa jani la msambu, gumu kama ngozi ya kiatu, limelala chini ya mengine matatu. Mzee mmoja mwenye shamba la hiliki pembeni ya msitu alikuwa ananiangalia akaniuliza mwanangu serikali inakulipa uokote uchafu? nikamwambia ndio mzee, akacheka akanionyesha bonde lingine lenye uchafu mwingi zaidi. Jani nikaliweka kwenye bahasha ya kaki, sio mfuko wa nailoni kwasababu ndani ya nailoni linatoa jasho na ukungu wa kawaida unavamia kila kitu, nikaandika kwa penseli maana wino wa kalamu ukilowa unaondoka na habari zote. Maabara nikalilaza kwenye kontena la plastiki zile za kubebea chipsi, chini toilet pepa iliyolowa, nikafunika. Siku ya tisa nikaona vinywele vyeusi kama ndevu za siku mbili. Nikachukua kidogo kwa sindano, nikaweka kwenye kioo, nikaangalia. Spora (vijimbegu vya fangasi) zilikuwa na umbo la tiara, zile tiara za karatasi wanazorusha watoto, ncha upande mmoja imechongoka na katikati kuna mkanda mweupe umezunguka kama mtu amechomekea shati akavaa mkanda.

Wanaojua watasema hiyo ni Beltrania. Na mimi ndio nilisema hivyo, jenasi hiyo (yaani kundi la ndugu wa karibu) inajulikana tangu 1882. Beltrania ya kawaida ina singa (vile vinywele vigumu) ndefu nyeusi zilizonyooka zimesimama juu ya jani, kuna ndugu yake hana singa kabisa anaitwa Hemibeltrania, sasa hii ya kwangu singa inazo ila fupi na zimejikunja nchani. Nilipima spora 50 kwa siku mbili, nikarudi bonde lile lile masika iliyofuata nikaikuta tena, msambu tena, singa zimejikunja vile vile. Je ni mpya? Sijui na sijawahi kudai, kwenye barua zote nne nimeandika inawezekana. Ila nitajuaje kama hairuhusiwi hata kuulizwa? Ndio maana nimeorodhesha haya:

1. Sampuli hazina namba ya usajili. Bahasha zote 214, hakuna hata moja iliyoingizwa kwenye rejista. Mheshimiwa jina la fangasi halitolewi kama jina la mtoto kwamba babu akiamua imetoka, kuna kanuni za kimataifa na zinajulikana. Lazima uchague sampuli moja ambayo ndiyo itabeba jina milele, inaitwa holotaipu, na kuanzia tarehe 1 Januari 1990 lazima uandike wazi imetunzwa wapi, sehemu moja, sio "ipo ofisini". Kuanzia 1 Januari 2013 lazima jina lenyewe lichukuliwe namba kwenye kanzidata inayotambulika kama MycoBank au Index Fungorum, bila hiyo jina halihesabiki. Zamani kulikuwa na kikwazo cha Kilatini, ilibidi maelezo yaandikwe Kilatini, lakini tangu 2012 Kiingereza kinatosha kwahiyo hata hicho kisingizio hakipo tena. Jarida lolote utakalopelekea andiko litakuuliza swali la kwanza holotaipu iko wapi na namba yake ngapi. Mimi nijibu nini, rafu ya tatu kutoka chini nyuma ya matairi? Kazi ya kuandika namba ni daftari, kalamu na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kukaa nalo wiki mbili. Nilijitolea kuifanya bure, barua ya pili ipo, aya ya mwisho.

2. Stoo yenyewe. Sampuli kavu ya fangasi inatakiwa sehemu kavu na baridi, na kabla ya kuingia inakaa friza siku kadhaa kuua wadudu. Stoo yetu ina matairi mawili ya Land Cruiser, mabango ya maonesho ya Nane Nane, na dirisha ambalo kioo kimoja hakipo. Usambara wewe unaijua, ukungu unaingia mpaka kwenye soksi. Mara ya mwisho kuingia mle nilifungua bahasha namba 140 nikakuta vumbi la kahawia linatembea, nikasogeza kwenye mwanga, ni utitiri. Utitiri unakula fangasi halafu unabeba spora za hii unapeleka kwenye ile, kwahiyo hata kile kilichobaki huwezi kukiamini tena. Nilihesabu bahasha 23 zimekwisha kabisa, na hiyo ni kwa zile nilizofungua tu kabla mlinzi hajaniambia muda umeisha. Friza ipo. Inawekwa maji ya kunywa na soda za vikao, naandika hili kwa masikitiko sio kwa kejeli.

3. Bahasha 31 zilizosafiri, hizi haziko kwenye zile 214. Mwaka 2022 zilitoka kwenda maabara ya nje ndani ya begi la mgeni wetu, sina ugomvi na mgeni, alikuwa mtu mzuri na alikuwa na haraka ya ndege. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna karatasi. Hakuna makubaliano ya kuhamisha sampuli, hakuna orodha iliyosainiwa, hakuna sehemu inayosema nusu irudi. Tanzania imo kwenye Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu viumbe vinavyochukuliwa kwa utafiti, ambayo ilianza kutumika Oktoba 2014, na itifaki hiyo inataka ridhaa na masharti ya kugawana faida viandikwe KABLA kitu hakijatoka, sio baadae tukishasoma kwenye jarida.

Hapa nikae kidogo maana watu wanadhani nina chuki na wazungu. Miaka ya 1960 kuna mtaalamu wa fangasi anaitwa Pirozynski alikuja Gombe kule Kigoma, wakati watu wote wanaangalia sokwe yeye anaangalia majani yaliyooza, na mwaka 1972 akachapisha fangasi mpya za Tanzania ambazo hadi leo ukifanya kazi hii lazima ukutane na jina lake, tena hizo Beltrania na ukoo wake alishaziandikia 1963. Sampuli za taasisi aliyofanyia kazi kule Uingereza zilihamishiwa bustani ya mimea ya Kew, London, mwaka 2009, zikaungana na nyingine, sa hivi Kew wana fangasi zilizokaushwa zaidi ya milioni 1.2. Na nikiwa mkweli kwa Mungu wangu, zingeachwa kwenye stoo kama yetu zingekuwa zimeliwa siku nyingi. Wale wametunza. Ila matokeo yake mimi niliyezaliwa Tanga nikitaka kulinganisha fangasi ya Kigoma na ya Usambara naomba kibali London. Na hii milima sio kwamba haijawahi kuwa na hazina, herbaria (hazina ya sampuli za mimea zilizokaushwa) kubwa ya Afrika Mashariki ilianzia hapa hapa Amani 1902 enzi za Wajerumani, mwaka 1950 ikafungashwa ikahamia Nairobi na bado ipo inafanya kazi. Kwahiyo tulishawahi kuwa nacho. Wakati ule tulikuwa hatujitawali, hizi 31 zimetoka tukiwa na mkurugenzi wetu wenyewe.

4. Majina ya waokotaji. Kwenye ripoti ya mwaka wameandikwa "wasaidizi wa kijiji". Wana majina. Wawili kati yao ndio walijua mabonde yanayobaki na unyevu mpaka Februari, bila wao ningeokota majani makavu ya barabarani.

Sasa majibu ambayo najua yatakuja, maana nimeshayasikia yote kwenye korido.

La kwanza fungu halijatoka. Mheshimiwa sijaomba maikroskopu ya umeme ya mamilioni. Kabati la chuma lenye mlango unaofunga, silika jeli (vile vipunje vya kunyonya unyevu), kioo kimoja cha dirisha, na soda zitoke kwenye friza. Mwaka huo huo fungu halijatoka kulikuwa na semina ya siku tatu Bagamoyo ya mpango mkakati, tulipewa na fulana, ninayo, naivaa kulimia.

La pili, kwamba siku hizi ni DNA, sampuli hazina haja, mgeni atasoma DNA na atatutumia majibu. Hili limesemwa na watu wenye elimu kuliko mimi kwahiyo naenda nalo taratibu. Ni kweli DNA inasaidia sana, kuna kipande kinaitwa ITS ambacho tangu 2012 ndio kimekubalika kama alama ya kutambulia fangasi duniani, na mimi mwenyewe ningependa namba 87 isomwe leo kabla ya kesho. Lakini kipande cha DNA peke yake hakibebi jina. Kuna watu walipeleka pendekezo hilo kwenye kongamano la dunia la fangasi San Juan, Puerto Rico, mwaka 2018, kwamba DNA iruhusiwe kuwa holotaipu, likapigiwa kura likakataliwa. Kinachotakiwa ni kitu chenyewe, kilichokaushwa au kilichooteshwa kikahifadhiwa kikiwa kimelala, na kikae sehemu mtu mwingine anaweza kwenda kukiangalia akasema umekosea. Afu DNA inatoka wapi kama utitiri umeshamaliza?

La tatu ni lile la mheshimiwa mmoja kwenye kikao, alisema nchi ina mambo mengi, fangasi za majani zina faida gani kwa mwananchi. Kikao kilicheka na mimi nikacheka, nilikuwa bado na mkataba. Jibu nimekuja nalo leo. Wakulima wa nyanya Lushoto wanapiga dawa ya ukungu, nyingi kati ya hizo ni za kundi la strobilurini, na kundi hilo chimbuko lake ni kauyoga kadogo kanakoota kwenye matunda ya misonobari yaliyoanguka chini, Wajerumani walikachunguza wakatangaza 1977, dawa zikaingia sokoni 1996. Kauyoga ka kwenye takataka. Na wanaowekewa figo wanatumia dawa inaitwa siklosporini ili mwili usiikatae figo, nayo imetoka kwenye fangasi ya udongo uliochotwa Norway mwaka 1969 na mfanyakazi wa kampuni ya dawa aliyekuwa likizo, na wananchi wa Norway waliokuwa na udongo hawakupata kitu kwasababu hakuna karatasi iliyosainiwa. Sisemi kwamba namba 87 ina dawa. Nasema Norway ni nchi tajiri na hiyo iliwauma, sisi bahasha 31 zimetoka na hatuna hata orodha.

La nne, fuata utaratibu. Mheshimiwa, utaratibu ninao hapa umepigwa mihuri mitatu.

Ninachoomba ni hiki na naomba kijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 60. Bahasha zilizobaki ziingizwe kwenye rejista kila moja na namba yake, na zilizoliwa ziandikwe zimeliwa, zisifichwe. Zihamishwe stoo kabla vuli haijaanza, na kama taasisi haina sehemu basi zipelekwe kwenye herbaria yoyote ya chuo hapa nchini inayoweza kuzipokea, mimi nitazipakia na nitapanda nazo basi. Iandikwe barua rasmi kwa maabara ya nje kuomba orodha ya zile 31, nusu ya kila moja irudi, na makubaliano yasainiwe hata kama tumechelewa, kwa namna ambayo ikitokea jina jipya holotaipu inakaa Tanzania na wao wanabaki na kipande. Na majina ya waokotaji wanne yaandikwe kwenye lebo, nimeyaambatanisha kwenye nakala ya ofisini, hapa siyaweki maana sijawaomba ruhusa.

Sijaomba kurudishwa kazini. Nasema hili kwasababu najua litasemwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa maabara (mstaafu wa mkataba), Tanga

Nakala:
Mwenyekiti wa Bodi, kwa mkono
Msaidizi wa Mkurugenzi, wasap, tafadhali mara hii jibu
Mzee wa shamba la hiliki, atasomewa na mjukuu wake

N.B. Mtakapofungua stoo kuhesabu mtakuta 213. Namba 87 ninayo mimi. Niliitoa siku ile ya utitiri, sikuomba kibali, niliiweka chini ya shati mlinzi akanisalimia nikapita. Ipo nyumbani kwenye kopo la maziwa ya unga, chini nimeweka mchele niliokaanga mpaka ukawa kahawia ili unyonye unyevu, naubadilisha kila mwezi na mke wangu ameshazoea. Kama ni wizi nipo tayari kuhojiwa. Nitakuja nayo ofisini siku hiyo hiyo rejista itakapofunguliwa, nyie mje na kalamu tu.